Panga, shoka au kisu: kipi kikae chumbani usiku?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

“Papa, mume wangu anafanya kazi mgodini huko Fungurume, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mimi nabaki na watoto watatu na mama mkwe. Juzi wakati wa mvua banditi wameingia parseli ya pili kutoka kwetu, wakabeba televisheni, simu na pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu. Shemeji yangu anasema ninunue panga nililaze chini ya kitanda. Jirani anasema shoka. Na pale soko la Kenya nimeonyeshwa kisu kikubwa cha komando chenye meno ya msumeno mgongoni, muuzaji anataka dola 25. Bunduki sitaki hata kuisikia. Nichague kipi?”

Mama, pole sana. Nyumba moja ikivunjwa, usingizi wa avenyi nzima unaondoka.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua inavyochosha kuuliza kitu ukapewa mahubiri. Kati ya hivyo vitatu, chukua panga: fupi, la kawaida, lile la kufyekea majani. Kisu cha komando mwachie muuzaji wake, na shoka likae kwenye kuni. Lakini kama hizo dola 25 ndizo zote ulizonazo mwezi huu, usinunue chuma cha kukata hata kimoja. Zipeleke kwa fundi wa kuchomelea, aanze kazi kwenye mlango wa chumba chako cha kulala. Nitafika kwenye mlango. Kwanza tumalize habari ya chuma, kwa sababu ndicho ulichouliza.

Mimi kazi yangu ni kufundisha zamu, hawa walinzi wa usiku unaowaona mbele ya maduka na parseli za wakubwa. Kabla ya hapo nilikuwa ajusteri, nikikata chuma na kukinoa. Kwa hiyo kwenye swali lako nina maoni mengi kuliko unavyotaka, univumilie.

Hicho kisu ndicho kinachovuta macho, na ndicho kibaya kuliko vyote. Visu vya namna ile, kwa bei ile, vingi vina mpini wenye uwazi ndani. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta ndoana ya samaki, sindano na njiti za kiberiti, na juu ya kifuniko kuna dira ndogo isiyojua kaskazini ni wapi. Mnunuzi anaona amepewa zawadi. Fundi anaona kitu kingine: kama ndani ya mpini kuna nafasi ya kiberiti, basi chuma cha kisu hakijaingia humo. Kimeishia shingoni, kimeshikwa na nati moja tu. Kikipata nguvu ya kweli kinakatika pale pale shingoni. Yale meno ya mgongoni nayo hayapasui mbao. Kazi yanayoijua ni kunasa kwenye nguo na chandarua. Kisu kizuri, hata kile cha kukatia nyama, chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, na unaweza kukiona ubavuni kati ya vipande viwili vya mbao vilivyopigiliwa ripiti.

Kisu cha jikoni hukukitaja, lakini nakitaja mimi, kwa sababu usiku wa hofu ndicho mkono unachokimbilia. Hakina kizuizi kati ya mpini na makali. Ncha ikigonga mfupa, au hata mkanda wa suruali, kisu kinasimama lakini mkono wako unaendelea mbele, unateleza juu ya makali. Mkono wenye jasho au damu ndiyo kabisa. Manesi wanaoshona majeraha wanaijua alama hiyo: vidole vinne vimekatwa kwa ndani, kwenye mishipa ile inayokunja vidole, na aliyekatwa ndiye aliyekishika kisu. Mishipa hiyo isiposhonwa vizuri na mapema, kidole hakikunji tena. Mama wa watoto watatu anahitaji vidole vyake. Tena kisu kinakulazimisha umsogelee mtu mpaka akupumulie usoni, na kwa mwanamke anayekabiliana na mwanaume mzito kuliko yeye, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kusimama.

Shoka lina heshima yake kwetu. Watawala wa Waluba walibeba shoka begani kama alama ya cheo, na mengine yalichongwa kichwa cha mwanamke kwenye mpini, kazi nzuri sana. Hayo yalikuwa ya kuonyesha cheo, na la jirani yako ni la kupasulia kuni. Uzito wote uko kichwani. Ili lifanye kazi lazima ulinyanyue, na ukilinyanyua ndani ya nyumba ya Katuba unagonga bati, waya wa taa au fremu ya mlango. Ukikosa pigo la kwanza, la pili linachelewa, na mpini mrefu wa shoka ni kitu rahisi sana kwa mtu mwingine kukishika.

Panga, basi. Shemeji yako hakukosea sana, isipokuwa mahali pa kuliweka, nitakuambia. Wengi wananunua refu wakidhani urefu ni nguvu. Panga la makali ya sentimita 60 ni zuri kwenye majani ya Kasapa. Kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kitanda, kabati, chandarua na watoto, linanasa kila upande. Tafuta lenye makali ya sentimita 35 mpaka 40. Unene wa milimita mbili hivi unatosha. Jembamba kuliko hapo linacheza kama karatasi, nene kuliko hapo linachosha mkono. Likunje kidogo kwa mikono miwili kisha liachie: lirudi limenyooka lenyewe. Likibaki limepinda, hicho ni chuma laini, rudisha. Tazama mpini. Ripiti ziwe tatu au zaidi, zisicheze, na mwisho wa mpini uwe na mkunjo unaozuia mkono kuteleza nyuma. Panga za Tramontina za Brazili zinajulikana na ni nzuri, lakini mhuri kwenye chuma chochote unaweza kuigizwa, kwa hiyo amini mikono yako kabla ya kuamini mhuri.

Utaambiwa pia kuhusu mapanga ya wahunzi wetu, yale yanayofuliwa kutoka resori, yaani springi, ya lori. Chuma cha resori ni kizuri, pengine kizuri kuliko hayo ya dukani. Shida iko kwenye moto. Mhunzi akikitumbukiza kwenye maji kikiwa chekundu kisha asikirudishe kwenye moto mdogo kukipunguzia ugumu, kinabaki kigumu lakini kinavunjika kikigonga kitu. Kama unamjua mhunzi na kazi yake, nunua kwake kwa moyo mmoja. Kama humjui, hapana. Na kunoa, noa kwa tupa, taratibu. Wale vijana wenye mashine ya kunolea ya umeme wanakuonyesha cheche nyingi na makali yanayong’aa, lakini ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu pale kwenye makali, ujue wamekiunguza na ugumu wake umeondoka.

Kuna wanaofunga kamba kwenye mpini na kuivaa mkononi ili panga lisinyang’anywe. Walimu wengine wanaisifu sana. Mimi siipendi. Mtu mwenye nguvu akishika hilo panga, kamba inakuvuta na wewe.

Sasa nikuambie kwa nini, baada ya kukuchagulia panga, bado nasema mlango kwanza.

Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika juu ya jambo alilolipima: mtu mwenye kisu akiwa umbali wa futi 21, karibu mita sita na nusu, anakufikia kwa sekunde moja na nusu hivi. Yeye alikuwa anawafikiria polisi wenye bastola kiunoni, kama watawahi kuitoa. Sasa fikiria wewe, umelala, giza, umeme umekatwa, na kutoka mlango wa saloni, yaani sebule, mpaka kitandani kwako ni hatua chache. Muda wa kuinama chini ya kitanda kutafuta panga haupo. Kama mtu ameshaingia chumbani na wewe ndiyo unaamka, panga hilo ni lake kama lilivyo lako.

Tena chuma cha kukata hakimsimamishi mtu papo hapo kama kwenye sinema. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Hata akikatwa vibaya, inachukua muda mpaka aishiwe nguvu, na katika muda huo mikono yake bado inafanya kazi. Akiwa amekunywa, au amejaa hofu, maumivu atayasikia kesho. Kinachotokea ni watu wawili gizani wanakatana, na watoto wamo chumba hicho hicho. Damu nayo ina habari yake: ikiingia kwenye kidonda chako inaweza kuleta virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Kama imetokea hivyo, osha kwa maji mengi na sabuni, ukimbie hospitali upewe dawa za kuzuia. Za UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ina faida.

Na umeandika “wameingia”. Wengi. Wengine huja na bunduki, wengine wamevaa mavazi ya kijeshi. Kwa mtu mwenye bunduki sina somo la panga la kukufundisha. Akishakuwa ndani, unampa anachotaka, unamwangalia mikono, hausemi neno la ziada. Ndiyo maana pesa ya likelemba isilale nyumbani hata usiku mmoja. Iingie kwenye M-Pesa au Airtel Money jioni ile ile mnapoikusanya, na avenyi yote ijue kwamba kwa huyu mama pesa hailali. Hilo la kujulikana ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mara nyingi wanaoingia wameelekezwa na mtu aliyekula mezani kwenu.

Basi mlango. Chagua chumba kimoja, kile ambacho wote watano mtaingia usiku mkisikia kitu. Si lazima mlale wote humo kila siku, ingawa msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi, mimi ningewalaza wote pamoja. Banditi wanaipenda mvua kubwa: inapiga mabati hata usisikie kufuli likikatwa. Chumba hicho mlango wake uwe wa mbao ngumu au wa bati nene lenye fremu ya chuma. Ndani yake weka pingo, yaani mti au bomba la chuma la mraba linalolala upande kwa upande nyuma ya mlango, likikaa juu ya vyuma viwili vilivyokunjwa. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanapigilia hivyo vyuma kwenye tofali kwa misumari ya zege na kuondoka. Kama ukuta wako ni wa tofali mbichi, au tofali za kuchoma zilizoshikwa na udongo, teke mbili zinavichomoa. Mwambie fundi atoboe ukuta mpaka upande wa pili, apitishe boliti ndefu, aweke kipande cha bati nene pande zote mbili kisha akaze. Nati zibaki upande wa ndani ya chumba. Kazi hiyo haina uzuri wowote, lakini mwizi mwenye mtaimbo wa baramini atatumia dakika nyingi na kelele nyingi, na vitu hivyo viwili ndivyo tunavyomnyima.

Bawaba za mlango angalia ziko upande gani. Kama pini zake zinaonekana kutoka saloni, mwizi anazitoa na mlango unafunguka kwa nyuma na pingo lako likiwa mahali pake. Fundi azipige weldi kichwani.

Na ukuta wenyewe. Nimeshaona nyumba zenye mlango wa chuma wa dola nyingi, mwizi akapita chini ya dirisha kwa kuchokonoa udongo kati ya tofali, polepole, wenyewe wamelala. Sehemu ya chini ya chumba hicho, mpaka usawa wa dirisha, ipigwe sementi kwa nje. Juu, kama mnaweza, wavu wa chuma chini ya mabati ya chumba hicho peke yake. Nyumba nzima hutaweza, na sikuambii ujaribu.

Lakini sikiliza hili kabla hujajifungia. Madirisha yenye antivoli, yaani vyuma vya kuzuia wezi, na mlango wenye pingo vinazuia watu kuingia na vinazuia pia watu kutoka. Mishumaa tunawasha, waya tunaunganisha kwa mikono yetu, umeme ukirudi baada ya delestaji, ule mgao wa kukatiwa, unarudi kwa kishindo. Antivoli ya dirisha moja la chumba hicho iwe na bawaba, ifunguke kutoka ndani, ufunguo utundikwe mahali ambapo mtoto wako mkubwa anaupata gizani lakini mkono kutoka dirishani haufiki. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, usiingize mbabula yenye makaa kwenye chumba mlichokifunga. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na huua familia nzima usingizini.

Mkishakuwa ndani, pingo limekaa, kazi yako inayofuata ni kelele. Nunua filimbi za plastiki, moja shingoni mwako usiku, moja kwa mama mkwe, na sufuria na kijiko vilale chumbani. Hapa Katuba watu bado wanatoka wakisikia sufuria, Mungu awabariki. Ila kaeni kikao na majirani mkubaliane mlio. Kwetu usiku watu wanapiga yowe hata kwa msiba, na nimesikia watu wakisema asubuhi, “tulidhani ni kilio.” Filimbi tatu fupi, kimya, tatu tena: hiyo ni banditi, na kila parseli inajibu kwa sufuria yake bila kufungua mlango mpaka wawe wengi. Mtu mmoja asitoke peke yake na taa mkononi, ndiye wa kwanza kupigwa. Mbwa naye anasaidia, hata yule mdogo asiye na maana, kwa sababu anasikia kabla yako.

Panga linaingia wapi kwenye mambo haya? Ndani ya chumba hicho, juu ya ukuta karibu na mlango, kwenye ndoano mbili, usawa ambao mtoto wa miaka sita hafiki, ndani ya ala ya ngozi au hata kipande cha bomba la plastiki. Chini ya kitanda hapana: watoto wanachezea huko, na kulitoa kunakulazimu upige magoti ukimpa mgongo mtu. Kazi yake ni moja tu. Mlango ukianza kupasuka na mkono wa mtu ukaingia kutafuta pingo, anayeona panga linamngoja atafikiri upya. Unasimama pembeni ya mlango, ubavuni, pingo likiwa bado mahali pake, watoto nyuma ya kitanda, na unapiga makelele kwamba una panga. Hauendi saloni kuwatafuta. Zamu wangu nawafundisha hivyo hivyo, na wale ni wanaume wanaolipwa: ukishajua wako upande wa pili, hakuna kitu upande wa pili kinachokuhusu tena.

Ukiniuliza mimi mwenyewe nina nini chumbani, nina mpini mpya wa jembe, wa mita moja na kidogo, mbao ngumu. Unamweka mtu mbali kuliko panga fupi, ukiteleza haukukati wewe, mtoto akiugusa hakuna damu, na mama mkwe wako anaweza kuusukuma kwenye ufa wa mlango kwa nguvu alizonazo. Bei yake ni ya kitenge kibovu. Najua haukuuliza fimbo.

Kuna jambo la sheria, na nalisema kwa sababu watu wengi hapa wanaamini kwamba ukimkuta mwizi kwako una ruhusa ya kumfanya lolote. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu yasivunjwe. Sheria ya adhabu, ambayo mwili wake bado ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inamtishia mwizi wa kutumia silaha hukumu ya kifo, kifungu cha 81 bis. Hayo yote ni kazi ya korti, wewe hukupewa. Kujitetea hakuna kifungu chake cha jumla ndani ya dekreti hiyo. Majaji wanapokea kujitetea kama kanuni ya jumla ya sheria, na wanauliza maswali. Je, hatari ilikuwa pale pale, saa ile? Ilikuwa juu ya mtu, wewe au watoto? Hukuwa na njia nyingine? Nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Mwizi anayeruka ukuta na televisheni begani hamtishii mtu tena. Ukimkimbilia na kumkata mgongoni, swali linageuka. Kujeruhi mtu akabaki na ulemavu wa kudumu, kifungu cha 47, ni miaka miwili mpaka mitano. Akifa ingawa hukukusudia afe, kifungu cha 48, ni miaka mitano mpaka ishirini. Na gereza la Kasapa si mahali unapotaka watoto wakuletee chakula.

Ndiyo sababu nyingine ya kukichukia kile kisu cha komando. Mbele ya OPJ, ofisa wa polisi anayepeleleza kesi, panga lenye udongo wa bustani linajieleza lenyewe. Kila nyumba inalo. Kisu cha kuvamia, kilichonunuliwa wiki moja kabla, kitakuletea maswali ambayo huna haja ya kuyajibu. Kwa hiyo panga lako litumie mchana, fyeka nalo, lirudi ukutani jioni.

Na ikitokea mwizi ameshikwa na majirani, wewe mwenye nyumba ndiye sauti inayosikilizwa zaidi. Afungwe kamba, aketi chini, aitwe shefu wa kartie na polisi. Vijana wakileta tairi na petroli, simama mbele yao na mama mkwe wako, wazee wanasikilizwa. Aliyechomwa akifa ni mauaji, na wanaoandikwa majina kwanza ni wale wa parseli ilipotokea. Kama anavuja damu, mkandamizie kitambaa safi kwa nguvu, huku mikono yako umeifunika na mfuko wa plastiki. Sheria inamwadhibu pia anayemwacha mtu aliye hatarini wakati angeweza kumsaidia bila kujiweka hatarini yeye.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nami naliogopa kuliko banditi. Mume wako yuko Fungurume. Siku moja atapata gari la usiku, simu yake imekwisha chaji, atafika saa nane na kugonga dirisha kwa furaha. Au mtoto wako mkubwa ataamka kwenda choo cha nje, arudi gizani akitafuta mlango. Mtu unayemsikia usiku ndani ya parseli, mara nyingi ni wa nyumbani. Kwa hiyo toshi ilale mahali pamoja na filimbi, na kabla ya mkono kugusa chuma chochote, taa imulike na mdomo uulize: “Nani?” Na muwe na neno lenu la siri ambalo mume analijibu, neno la kwenu wawili, si jina la mtoto ambalo kila mtu wa avenyi analijua. Mwambie leo kwa simu. Mwambie pia kwamba kuanzia sasa, akifika usiku bila neno hilo, atalala barazani mpaka kuche, na asikasirike. Ndoo ya usiku kwa watoto nayo ni bei rahisi kuliko mambo mengine yote niliyoyaandika hapa.

Ukishaongea na fundi, niandikie upana wa mlango, unene wa ukuta, ukuta ni wa tofali gani, na mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje. Kama unafunguka kwa nje kuelekea saloni, hilo pingo nililoeleza halitaushika, kwa sababu watauvuta tu. Hapo itabidi fundi augeuze, au achomelee ndoano zinazoukamata mlango kwenye bomba, na mchoro wake nitakutumia.